Kijito, Yaani Kule Chini

Ofisini, 4 Februari

Dada yangu mpendwa,

Natumaini miguu imepungua kuvimba na cherehani imeacha ile tabia ya kukata uzi katikati ya pindo. Mimi sijambo. Kikohozi kimekwisha, kwa hiyo usianze kuniandikia habari za tangawizi.

Tumefika K. Najua hilo kwako halikupi joto wala baridi, lakini K kwenye kamusi ni msitu, ukiingia hutoki. Kila kitu ukikifanya kidogo kinakimbilia huko: kijiti, kijumba, kitoto, kijibwa. Ofisi yetu ni chumba kimoja juu ya duka la vipuri, na sasa chumba chote kimejaa vitu vidogo. Tumeinamia kadi kama mafundi saa. Mkubwa wetu, yule niliyekusimulia kwamba tunamwita Nukta kwa sababu aliwahi kumnunia mtu wiki nzima kwa ajili ya nukta moja, anapita nyuma ya migongo yetu akipumua.

Nukta ana sheria yake. Hataki sentensi ya mezani. Sentensi ya mezani ni kama "Paka yuko juu ya kiti": imetungwa na mtu wa kamusi kwa ajili ya kamusi, na hakuna aliyewahi kuisema. Yeye anataka kila neno liwe na shahidi, mtu mwenye mdomo aliyelitamka akiwa na shughuli zake, bila habari kwamba kuna mtu anaandika. Tunaandika sentensi yake kwenye kadi, na chini yake nani aliisema. Ndiyo maana wenzangu wakipanda basi wanakaa kimya wametega masikio kama wezi.

Sasa kuna kadi imekaa chini ya kikombe changu cha chai. Nimeirudisha chini ya bunda mara kadhaa, inapanda tena. Ni kijito.

Asili yake si ngumu. Chukua mto. Ukiukuza unakuwa jito. Ukitaka kuupunguza huwezi kusema kito, hicho ni cha kuvaa kidoleni, unasema kijito. Wataalamu wana maelezo yao marefu kuhusu mashina mafupi ya maneno. Mimi naona tu kwamba ukilivua neno hilo ile ki- yake ya mbele, ndani yake limelala jito zima. Nimekaa nikiitazama kadi na hilo ndilo ninaloliona.

Wewe na mimi tunajua kwa nini siwezi. Tangu maji yale yamchukue pacha mwenzangu, tukiwa na miaka sita, neno hilo halikusemwa tena nyumbani. Tulisema "kule chini". Ng'ombe wa jirani wameshuka kule chini. Usiende kule chini. Nimekua hivyo, nimesoma hivyo, na leo nalipwa kwa kazi ya kuandika maneno na hili moja sijui linatamkwaje na mtu wa kwetu.

Nisaidie. Ukiwa peke yako na nguo zako, liseme mara moja kwa sauti, ndani ya sentensi yoyote itakayokujia, kisha niandikie. Wewe, si mama. Tafadhali usimsomee mama barua hii wala usimuulize. Sitaki alisikie kwa ajili yangu.

Mdogo wako


Nyumbani, 20 Februari

Mdogo wangu, mla karatasi,

Umenisalimu kwa mistari miwili ukanifundisha sarufi ukurasa mzima. Ahsante, mwalimu. Na ule mto wa kulalia, nao umezaa watoto? Usinijibu.

Nimejaribu. Usiseme dada yako hakujaribu. Nilifunga mlango wa chumba cha kushonea, nikavua futi ya kupimia shingoni kana kwamba naenda kuapa, nikafungua mdomo. Nikajiona mjinga. Mwanamke mzima nimesimama katikati ya sketi za shule nikitaka kuongea na ukuta! Na hata likitoka, si litakuwa la mezani? Nukta wako atanikataa mimi na meza yangu ya kukatia. Mwachie mwenzako mmoja kadi hiyo, wewe endelea na vijiti na vijumba.

Huku hatujambo. Mvua zimechelewa. Nimepata kazi ya sare za shule nzima, nashona kola mpaka naziona ukutani. Mama anakula, analala, asubuhi namtoa barazani anaota jua. Siku hizi hasemi sana. Ni uzee tu, usianze kukaa roho juu.

Lini unakuja? Kila mwaka unaniambia herufi. Ulisema utakuja mwisho wa D, ukasema mwisho wa H. Huyo Nukta akiongeza herufi nyingine kwenye lugha hii sitakuona mpaka nizikwe.

Dada yako


Ofisini, 9 Machi

Dada,

Nilifanya ujanja na nimekamatwa. Niliandika: "Watoto wanacheza kando ya kijito." Nukta aliisoma akiwa amesimama, hata kiti hakuvuta. Akasema, "Watoto gani?" Nikatafuta kalamu. Akasema, "Hii ni ya mezani," akairudisha chini ya kikombe. Kumpa mfanyakazi mwenzangu nimeshindwa pia, kila mtu ana mzigo wake, na nikieleza sababu itabidi nieleze yote.

Maana zenyewe ninazo. Mto mdogo, wa asili, usiochimbwa na mtu, ndiyo tofauti yake na mtaro na mfereji. Na watu hulisemea mwili: kijito cha jasho, vijito viwili vya machozi. Zote nimezipanga vizuri, zina nambari. Kinachokosekana ni mtu.

Unaniuliza lini nakuja. Nitakuambia kitu ambacho sijawahi kukuambia, na usinicheke. Kila nikifika nyumbani mama ananipokea, ananishika mikono, halafu hanitazami usoni. Anatazama hapa, pembeni, juu kidogo ya bega langu la kushoto. Umewahi kuona? Toka nikiwa mtoto. Hapo ndipo mwenzangu angekuwa amesimama. Tulikuwa tukisimama hivyo siku zote, yeye kushoto. Nikiingia peke yangu mlangoni, mama anamwona aliyekosekana kabla hajaniona mimi. Ndiyo maana nakuja kwa nadra na kuondoka mapema. Mimi ni nusu ya kitu kilichomuumiza, na nadhani anapumua vizuri zaidi nikiwa mbali.

Halafu barua yako haikuwa na mstari wa mama. Huwa unauandika mwisho, chini ya jina lako, kila barua, tangu nilipoondoka. Ile ya kabla yake pia haikuwa nao, nilidhani karatasi iliisha. Amenikasirikia? Au ulimsomea?

Mdogo wako


Nyumbani, 27 Machi

Mdogo wangu,

Mama hajakukasirikia, na sikumsomea kitu. Usijitungie maneno, tayari unayo ya kutosha kwenye droo.

Habari njema ni kwamba nimekupatia shahidi. Ni mama mmoja mtu mzima wa hapa karibu, jina lake liache. Analisema neno lako kutwa nzima, na hajui kama kuna kamusi duniani. Kalamu yako ishike vizuri. Akitaka maji ya kunywa anasema kijito. Hapo sawa, utasema ni maji. Lakini akitaka shuka pia anasema kijito. Mguu ukimuuma anasema kijito, kwa sauti ya chini na meno yamefungwa. Akichoka na mtu chumbani anasema kijito! na hapo unajua unafukuzwa. Juzi mtu alimchana nywele zake, taratibu, akamaliza, yule mama akamshika kidole na kusema kijito, na ilikuwa ahsante, hata mtoto angeelewa.

Hayo yote nimeyasikia kwa masikio yangu, na hakuna hata moja la mezani. Waandikie wenye kamusi.

Mvua zimeanza na zimeanza kwa nguvu. Kule chini kunanguruma. Kola zimekwisha, sasa nimo kwenye vifungo.

Dada yako

Mama anasema uvae sweta.


Ofisini, 12 Aprili

Dada,

Barua yako imezunguka chumba kizima. Hakuna hapa aliyewahi kusikia matumizi kama hayo. Mmoja wetu anasema huenda ni neno limetoka kwenye udogo wa mto likawa udogo wa kila kitu, kama mtu anayeomba "kidogo, kidogo tu". Mwingine akasema ni msemo wa ukoo mmoja. Mimi niliandika kadi mpya tano kwa furaha, nakwambia kweli, nilisahau kabisa ni neno gani. Kwa mara ya kwanza kijito kilikuwa kazi tu.

Nukta alizisoma zote tano. Alikaa, na yeye hakai. Akasema, "Shahidi wako ama ni mshairi ama ni mgonjwa."

Wenzangu walicheka. Mimi nikarudi kwenye kiti nikaitoa barua yako tena nikaisoma kutoka chini kwenda juu.

Mama anasema uvae sweta. Dada, mama hajawahi kuniambia nivae sweta. Miaka yote hii mstari wa mama umekuwa mmoja, haujabadilika hata herufi: Mama anauliza, amekula? Nilipofaulu mtihani, amekula? Nilipolazwa na homa, amekula? Wewe ndiye uliyekuwa ukiuandika, unaujua kuliko mimi. Hata ukitaka kunidanganya ungeandika huo.

Huyo mama mmoja wa hapo karibu ni nani?

Nijibu.


Nyumbani, 25 Aprili

Mdogo wangu,

Kaa chini kwanza.

Ni mama. Kiharusi kilimkamata mwaka jana, mvua za mwisho zikiisha. Alikuwa anaosha vikombe. Nilisikia kikombe kimoja, halafu sikusikia cha pili. Upande wa kulia ulilala, mdomo ukaenda upande, na maneno yakaondoka yote kwa pamoja kama ndege mtini. Daktari alisema kusikia anasikia na akili anayo, anajua kila kitu, ila kamba ya kutoa maneno imekatika. Akasema wengine hubakiwa na neno moja, wengine tusi, wengine jina la Mungu, wala si wao wanaolichagua. Tulikaa wiki nzima bila sauti. Siku moja nikamletea uji, akanitazama, akasema kijito.

Uji ulinimwagikia miguuni. Nyumba nzima haikuwa imelisikia neno hilo tangu tukiwa watoto, na sasa ndilo peke yake lililobaki.

Unaweza kunitukana kwa kukuficha. Lakini fikiria ningekuandikia nini. Mama yako hawezi kusema lolote isipokuwa lile, njoo umsalimie? Nilijua ukiingia mlangoni atakuambia hilo, kwa sababu hana lingine. Na nilijua utalisikiaje. Nikajipa moyo kwamba maneno mengine yatarudi, nikusubirishe mpaka apate hata mawili. Hayakurudi. "Hatujambo" ni neno la barua, unajua wewe, lina kadi yake. Ule mstari wake wa kweli sikuweza kuuandika kwa uongo. Kalamu ilikataa, nikaandika upuuzi wa sweta.

Sasa kuna jingine, na hili nalo mama aliniapisha, lakini kiapo chenyewe kimezeeka, nakivunja.

Unafikiri neno lilifukuzwa nyumbani kwa ajili ya mama. Jamani! Lilifukuzwa kwa ajili yako. Ulikuwa na miaka sita. Baada ya mwenzako, mtu akilitamka tu ulikuwa unaingia chini ya kitanda na hutoki, huli, unajikojolea humo humo. Marehemu baba alikuvuta kwa mguu mara moja ukamng'ata mkono mpaka damu. Mama akavaa kanga yake, akapita nyumba hadi nyumba, dukani, shuleni, mpaka kwa yule mlevi wa njiapanda, akawaomba watu wazima wasilitaje ukiwepo. Walicheka baadhi yao. Wengi walikubali. "Kule chini" ni yeye aliyetufundisha, tukiwa mezani, kama mchezo. Mwenyewe alikuwa akienda huko peke yake kila asubuhi ukiwa shule, anakaa. Yeye alilitaka neno lile, kwa sababu mwanawe alikuwa ndani yake. Alilimeza kwa ajili yako, na akaendelea kulimeza hata ulipoota ndevu, maana hakuna aliyemwambia basi.

Na bega lako. Wewe, mtoto wa miaka sita, ukimwona mama ana machozi, ulikuwa unaanza na wewe, na mkianza hamnyamazi. Akajifundisha kukutazama pembeni mpaka macho yake yakauke. Hatafuti mtu hapo, wewe. Anakausha macho.

Miaka yote hii yeye anakunyamazia wewe na wewe unakaa mbali kwa ajili yake, na mimi katikati nashona. Sikujua unalifikiria bega namna hiyo. Ungeniuliza mapema ningekuambia, kiapo au pasipo kiapo.

Sitakudanganya tena. Anashuka. Kumeza kunamshinda, namlisha kwa kijiko cha chai. Ukija atakuambia neno hilo, uje ukijua. Lakini njoo.

Dada yako

Mstari wa mama sina. Nimemsomea jina lako kwenye bahasha, akasema lile lile.


Ofisini, 3 Mei

Dada,

Sijui kama nina hasira. Nadhani ninayo, na si kwako wewe peke yako.

Nimemwambia Nukta naomba ruhusa. Akasema K haijaisha. Nikamwambia K ilikuwepo kabla yake na itamngoja. Nilidhani atanifukuza. Akaniuliza kama nina nauli.

Naogopa. Nakuandikia hili kwa sababu nikifika sitalisema. Nina mvi na naogopa kama niko chini ya kitanda kile.

Nakuja na basi la Ijumaa.

Mdogo wako


Ofisini, 19 Mei

Dada yangu,

Nimefika salama. Basi lilikwama matopeni kidogo, tukasukuma, viatu nimevitupa.

Tulikaa chumba kimoja siku zile na hatukusema la maana, wewe na pasi yako mimi na gazeti langu. Nataka ujue ilivyokuwa ile alasiri ulipotoka kuanua nguo, maana niliona kupitia dirishani ulivyokuwa ukikunja shuka moja mara tatu ili usiingie upesi.

Tangu nifike hakuwa amesema kitu. Alinitazama bega, kama kawaida. Nikavuta kigoda nikakaa upande wa kushoto, pale pale anapotazama, nikasogea mpaka uso wangu ukawa mbele ya macho yake hana pa kwenda. Machozi yakamtoka. Yakanitoka na mimi. Hatukufa.

Ndipo akalisema. Dada, nilikuwa nimejikaza kama mtu anayesubiri sindano. Lakini lilipanda mwishoni, kama swali. Kijito? Akanyoosha mkono mzima akanigusa hapa tumboni, juu ya vifungo vya shati.

Alikuwa ananiuliza kama nimekula.

Nikamjibu. Sikulipanga, lilitoka lenyewe. Nilisema, kijito. Ndiyo, mama, nimekula. Sauti yangu ilikuwa ya ajabu, kama ya mtu mwingine aliyeazima koo langu. Akatikisa kichwa. Akasema tena, polepole, na hilo nadhani lilikuwa kumhusu mwenzangu, maana alitazama mlango wa nyuma, unaoelekea kule. Nikamwambia kijito. Nilimwambia kwamba nilimshika mkono na mkono ukateleza. Sikuwahi kumwambia mtu, na wala si kosa, nilikuwa na miaka sita, ila lilikuwa halijasemwa. Nalo nimelisema kwa neno lile lile. Alinielewa, nakuapia. Tuliongea hivyo mpaka ulipoingia na kapu. Uliuliza, "Mnasemaje?" tukanyamaza kama watoto wezi wa sukari.

Imenibidi nirudi nikabidhi K, lakini mwisho wa Juni nakuja nikae mwezi mzima. Nimeshaomba. Kadi ile bado haina sentensi. Nukta haniulizi tena.

Mwambie nimekula. Leo wali na maharage, sahani mbili.

Mdogo wako


Nyumbani, 6 Juni

Mdogo wangu,

Nilimwambia, sahani mbili. Alifumba macho na uso ukalegea vizuri.

Lakini lazima nikuambie. Tangu ulipoondoka hajalisema tena. Siku ile basi lako lilipopiga honi kule barabarani alinyanyua kichwa, akakilaza, na mpaka leo hakuna kitu. Nilidhani ni uchovu. Nikamletea maji, nikachelewesha makusudi ili aombe. Alinyoosha kidole tu. Nikamfunua miguu ili aombe shuka. Akanitazama kwa huruma, kama mimi ndiye mgonjwa.

Mwishowe nililisema mimi. Mdogo wangu, lile lililonishinda mbele ya ukuta, lilinitoka. Nilipiga magoti pale kitandani nikamwambia kijito, mama, kijito, sema. Akaweka kiganja kwenye shavu langu na hakusema.

Nilitoka nje nikalia, na nakuambia ukweli wote kwa kuwa tumeshaanza: nililia kwa wivu. Miezi yote hii nimemgeuza, nimemwosha, nimemlisha, nimejifunza kutofautisha kijito cha maji na kijito cha shuka kama vile wewe unavyotofautisha herufi. Nikadhani ni lugha yetu, mimi na yeye. Kumbe mimi alikuwa ananitumia tu wakati anakungoja wewe. Alikuwa amebakiwa na kitu kimoja amekuwekea, na umekuja, amekupa, mkono wake uko mtupu.

Sina kinyongo. Nina kidogo, kitaisha.

Usingoje mwisho wa Juni.

Dada yako


Ofisini, 14 Julai

Dada yangu,

Nimefungua chumba changu nikakuta vumbi na barua yako ya tarehe sita, imesukumwa chini ya mlango. Simu yako ya maandishi ya msiba iliitangulia, kwa hiyo nilikuja bila kuisoma. Tumezika, tumekaa matanga, tumeagana, na ndio kwanza naisoma. Kama ningeisoma kabla ningekuomba radhi pale pale kaburini. Nakuomba sasa. Hukuwa wa kutumiwa tu. Kidole alikushika wewe baada ya kuchanwa nywele. Ile ahsante mimi sikuipata. Ni yako, na ninayo kadi yake kwa mkono wangu.

Kuhusu ile kadi nyingine. Wenzangu walinipa pole, Nukta akanipa pole akiwa ameshika kofia, halafu akasimama pembeni ya meza yangu bila kupumua. Nikajua anasubiri. K imekwisha, dada, yote, isipokuwa moja.

Nilimwambia sentensi ninayo. Siku ya mazishi mvua ilikuwa imenyesha toka alfajiri. Watu walikuwa wanabeba, wameshika ile njia fupi ya nyuma, na wewe ulikuwa mbele huna hata mwamvuli, vazi limelowa mpaka magotini. Ukageuka ukawapigia kelele waliobeba, kwa ile sauti yako ya kuwafokea wanaokanyaga vitambaa. Unakumbuka ulichosema? Najua hukumbuki. Hukuwa unafikiria neno lolote. Ulikuwa unataka mama afike salama.

Watu wote wa pale, wale wale walioombwa wasilitaje mbele yangu, waligeuka kunitazama. Hata yule mlevi wa njiapanda, amezeeka mno sasa. Mimi nilikuwa nimeshika mti wa mbele wa jeneza, upande wa kushoto. Niliinua miguu nikapita juu kama ulivyosema.

Nukta ameisoma mara moja tu. Hakugusa nukta. Imekwenda kwa mpiga chapa leo asubuhi hivi:

kijito. Mto mdogo wa asili. "Pitieni juu, kijito kimejaa!" Shahidi: fundi cherehani, mwanamke.

Sasa uko peke yako katika nyumba ile, na najua unakaa mbele ya cherehani hushoni, unasikiliza kama kuna mtu anaomba kitu chumbani. Najua kwa sababu na mimi hapa nasikiliza. Nitakuja Agosti, si mwisho wa herufi yoyote, Agosti.

Barua yangu ilikuwa imekwisha, nikatazama mwisho wa karatasi, pale ulipokuwa ukiandika mstari wake. Pako wazi. Sitaki pakae wazi.

Mdogo wako

Umekula?